Akiba ya Mpiga Ritungu

Mtu mwenye harusi huko Tarime akienda kumwalika mpiga ritungu, mazungumzo yao hayaendi kama ya mjini, ambako mwenye ukumbi huuliza bendi ina nyimbo gani na kiongozi wa bendi akamtajia. Mpiga ritungu aliyekomaa ndiye anayeuliza. Shughuli ya nani hii, mura? Bwana harusi ni mtoto wa nani, wa ukoo upi? Mama yake alitoka wapi? Wakwe ni watu wa hapa hapa au wanavuka mpaka kutoka Kehancha? Wazee watakuwepo? Haulizi kwa udaku. Anapekua akilini mwake ajue siku hiyo aje na nini.

Hicho anachokuja nacho ndicho nitakachokizungumzia katika sura hii. Kila msanii anayesimama mbele ya watu, awe mpiga ritungu wa Tarime, mwimbaji wa taarabu wa Unguja au mwigizaji wa Paris, anazo kazi alizokwisha kuziandaa, ambazo akiombwa leo usiku anaweza kuzitoa. Wafaransa wanaziita kwa jumla répertoire, na neno hilo limeenea karibu dunia nzima. Tukilitohoa kwa jinsi wenyewe wanavyolitamka tunapata repetwa. Wanaoandika kwa Kiswahili hawajakubaliana: mmoja ataandika hazina, mwingine mkusanyo, mwingine atazunguka na kusema "nyimbo alizonazo". Mimi nimechagua akiba, na sababu zangu nimezipata zaidi Tarime na Serengeti kuliko kwenye makamusi.

Wilaya hizo mbili zimepakana katika mkoa wa Mara. Tarime imeegemea mpaka wa Kenya, na mji wake wa mpakani ni Sirari. Serengeti iko kusini na mashariki yake, makao makuu yakiwa Mugumu, jirani na hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1951. Mto Mara unapita katika nchi hiyo ukielekea Ziwa Victoria. Wakurya wanaishi katika wilaya zote mbili na ng'ambo ya pili pia, kwa sababu mstari uliochorwa na Wajerumani na Waingereza karne ya 19 ulipita katikati yao, ukawaacha ndugu wa ukoo mmoja chini ya serikali mbili. Ndani ya Serengeti wako pia Wangoreme, Waikoma, Wanata na Waisenye. Upande wa ziwani wako Wajaluo, ambao wengi wao walikuwa ndani ya wilaya ya Tarime mpaka Rorya ilipokatwa kuwa wilaya mwaka 2007. Msanii wa nchi hiyo, basi, hata akiimba kwa Kikurya peke yake, anasikilizwa na majirani wenye lugha nyingine na wenye masikio yaliyozoea ala za jamaa moja na yake.

Ritungu yenyewe ina nyuzi nane. Chini kuna bakuli la mti lililowambwa ngozi ya ng'ombe. Kutoka kwenye bakuli hilo hutokeza miti miwili, na juu yake hukingamishwa mti wa tatu, ambako nyuzi hufungwa na kukazwa. Zamani nyuzi zilitokana na mishipa ya ng'ombe, na siku hizi wengi wanatumia uzi wa plastiki wa kuvulia samaki. Sauti yake ni nzito, ina mkoromo ndani yake, na mgeni anayeisikia kwa mara ya kwanza hudhani kuna ngoma imefichwa mahali. Nyatiti ya Wajaluo ina nyuzi nane vilevile, na obokano ya Wakisii pia. Waluhya wa Bungoma wanayo litungu, ambayo jina lake linaonyesha undugu waziwazi.

Sasa, nyuzi nane si nyingi. Hazimruhusu mpigaji kubadilisha mahadhi kila baada ya dakika tatu kama mpiga kinanda. Kinachomwezesha kukesha akipiga na watu wasichoke ni maneno. Anaanzisha mzunguko wa nyuzi, anauacha uende, kisha juu yake anayapachika majina, sifa, mashtaka, habari za ng'ombe, habari za vita, mashairi ya kuchokoza, na akifika mwisho wa habari moja anarudi kwenye mzunguko uleule na kuanza nyingine. Ukimwomba akuhesabie nyimbo zake atashindwa, na si kwa sababu hana. Swali lenyewe halilingani na kazi anayoifanya. Anachomiliki ni mizunguko kadhaa, mianzo kadhaa, vifungu vya sifa vilivyoiva, na juu ya yote ujuzi wa watu.

Na ujuzi huo wa watu ni mzigo mzito kuliko asiyeijua nchi hiyo anavyodhani. Majina ya Kikurya yanayorudiwa si mengi: Chacha, Mwita, Marwa, Bhoke, Ghati, Robi. Mtu hutambulishwa kwa jina lake likifuatwa na la baba yake, kwa hiyo katika kikao kimoja anaweza kuwepo Mwita Chacha, akawepo Chacha Mwita, wakawepo akina Marwa Mwita wawili, na kila mmoja ana babu yake na ukoo wake. Mpigaji akitaka kumsifu Chacha lazima ajue ni Chacha yupi: wa Wairege, wa Wanyabasi, wa Watimbaru, wa Wanchari, wa Wakira? Baba yake alifanya nini kikakumbukwa? Ng'ombe wake walisemwaje? Sifa iliyomwangukia Chacha asiye mwenyewe ni fedheha kwa wote watatu: aliyesifiwa, aliyeachwa na aliyeimba.

Kuna na upande mwingine. Koo za huko zimewahi kupigana, kwa sababu ya mifugo iliyoibwa na kwa sababu ya ardhi, na wakati mwingine damu ilimwagika miaka ambayo vijana wa leo walikuwa wamekwisha kuzaliwa. Kifungu cha ushujaa kinachowainua wageni wa upande mmoja kinaweza kuwa jeraha kwa wa upande wa pili, na harusi huwakutanisha wote chini ya turubai moja. Ndiyo maana maswali ya mwanzo ni mengi. Mpigaji anachagua cha kubeba na pia anachagua cha kuacha nyumbani. Kwa maoni yangu nusu ya ustadi wake iko kwenye hicho anachokiacha, ijapokuwa hakuna msikilizaji atakayekiona.

Majirani zao Wajaluo wamelifikisha jambo hili mbali zaidi. Katika kikao cha nyatiti kuna desturi inayoitwa pakruok: msikilizaji hulipa pesa, muziki ukasimamishwa, naye akajisifu, akamsifu rafiki yake au mpenzi wake, kisha nyuzi zikaendelea. Hapo msikilizaji ameingia ndani ya kazi ya msanii kwa pesa yake na kwa kinywa chake. Mpigaji wa nyatiti lazima aandae nafasi za kukatizwa, na ajue namna ya kuyapokea maneno asiyoyatunga mwenyewe. Sijui orodha gani ingeweza kuhifadhi kitu hicho.

Na bado neno ambalo dunia imelichagua ni neno la orodha. Katika Kilatini cha zama za mwisho za dola ya Roma, repertorium ilikuwa daftari la vitu, lililoandikwa ili kila kimoja kipatikane kinapohitajika. Lilitoka kwenye kitenzi reperire, kupata au kukuta ulichokitafuta, na wataalamu wa asili ya maneno hukiunganisha kitenzi hicho na parere, kuzaa. Wafaransa walilirithi kwa maana ya orodha na faharasa. Likawa neno la wanasheria na wasomi kabla watu wa jukwaani hawajalichukua.

Watu wa jukwaani walikuwa na sababu zao. Kampuni ya Comédie-Française iliundwa Paris mwaka 1680 kwa amri ya mfalme Louis wa 14, kwa kuunganisha vikundi vilivyokuwepo. Mmoja wa waigizaji wake, La Grange, alikuwa tayari na mazoea ya kuandika daftari tangu mwaka 1659, alipokuwa katika kikundi cha Molière: leo tumeigiza mchezo gani, umeingiza kiasi gani, kila mmoja amepata mgawo gani. Kampuni ya namna hiyo haikuigiza mchezo mmoja mpaka uchoke. Ilibadilisha, leo huu, kesho ule, na kwa hiyo ilibidi kila mwigizaji awe tayari kwa michezo mingi kwa wakati mmoja. Mpaka leo katika nyumba hiyo mchezo mpya huingizwa kwenye répertoire baada ya kusomwa na kukubaliwa na kamati maalumu. Waingereza walilichukua neno lenyewe kwa umbo la Kifaransa karne ya 19. Kwa hiyo ukilitumia leo unabeba ndani yake daftari, kamati na nyumba yenye paa.

Kiswahili nacho kina neno lake la daftari, ingawa wengi wetu tunalitumia bila kulifikiria. Diwani lilitufikia kutoka kwa Waajemi na Waarabu. Katika karne ya 7, wakati wa Khalifa Umar, diwani ilikuwa rejesta ya askari na haki zao za malipo. Baadaye likaitwa hivyo baraza la dola, na likaitwa hivyo pia kusanyiko la mashairi ya mshairi mmoja. Katika pwani ya Mrima madiwani walikuwa watawala wa miji. Leo diwani wa Tarime ni yule anayekaa kwenye baraza la halmashauri kujadili barabara na zahanati, na diwani nyingine iko kwenye rafu ya vitabu.

Lakini tazama diwani ya mashairi inavyopatikana. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mnamo mwaka 1840. Mashairi yake yaliishi midomoni mwa watu wa mji wake kwa miongo kadhaa. Mwalimu Sikujua akayakusanya kwa waliokuwa bado wanayakumbuka, akishirikiana na mmisionari William Taylor, na kitabu chenyewe, Diwani ya Muyaka, kilichapishwa na William Hichens mwaka 1940. Muyaka mwenyewe hakuwa na diwani. Alikuwa na mashairi aliyoyatoa pale Mombasa ilipogombana na Lamu au na Unguja, na mengine aliyoyatoa kwa sababu ya mapenzi, njaa au kiburi cha jirani. Diwani ni jina la kilichobaki baada ya wenye kuomba na mwenye kutoa wote kwisha kuondoka. Kwa kazi ya mtu aliye hai, ambaye Jumamosi ijayo ataitwa tena, jina hilo ni mapema mno.

Hazina nalo nimelifikiria. Ni neno zuri, na Watanzania wanalielewa haraka kwa kuwa ndipo fedha za serikali zinapokaa. Linanitatiza kwa jambo moja: hazina hulindwa kwa kufungwa, na thamani yake haipungui mlango ukibaki umefungwa miaka 20. Akiba ni ya mtu mwenye siku zake. Mama wa Tarime anayejaza mtama na wimbi ghalani anajua anaiwekea miezi gani, wageni gani, mbegu kiasi gani. Anaichota na kuirudishia. Nafaka ya msimu ujao hailiwi hovyo wala haiachwi mpaka ioze. Wahenga walisema akiba haiozi, nao walikuwa na maana yao, lakini akiba ya msanii inaoza isipochotwa. Kifungu cha sifa ambacho hakijaimbwa miaka 10 hukatika katikati ulimini.

Kwamba akiba hupimwa kwa siku za kuitumia, mfano wake bora ninaoujua unatoka mbali na Mara. Kati ya mwaka 1933 na 1935 Mmarekani Milman Parry alizunguka Yugoslavia akiwarekodi waimbaji wa tenzi ndefu, na mwanafunzi wake Albert Lord akaieleza kazi hiyo katika kitabu alichokitoa mwaka 1960. Miongoni mwa waimbaji Waislamu wa huko kulikuwa na kipimo cha mwimbaji aliyekamilika: awe na tenzi 30. Kwa nini 30? Kwa sababu mwezi wa Ramadhani watu walikusanyika usiku kwenye nyumba za kahawa, na mwimbaji alitakiwa kutoa utenzi mwingine kila usiku mpaka mwezi uandame. Mkulima mmoja asiyejua kusoma wala kuandika, Avdo Međedović, alikuwa na tenzi 58, na mmojawapo alioutoa kwa Parry ulizidi mistari 12,000. Hakuwa ameuweka kichwani neno kwa neno. Alikuwa na visa, vifungu vilivyoiva na mapigo ya mstari, na aliuunda utenzi upya kila alipoukalia, mrefu au mfupi kwa kadiri ya usiku na ya wasikilizaji.

Ziwa Victoria tunalolizunguka lina watu wa kazi hiyohiyo. Mugyabuso Mulokozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliichunguza kwa miaka mingi nanga ya Wahaya na tenzi zake, kama ule wa Rukiza, akaonyesha kwamba hakuna nakala moja iliyo mama ya nyingine zote. Kuna mpigaji, hadhira na usiku wenyewe. Kwa Wasukuma hali ni tofauti kidogo, nayo inanivutia sana. Kule vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, hushindana msimu wa ngoma baada ya mavuno, na mshindi ni yule aliyevuta umati. Mtunzi wao, ningi, huandaa nyimbo zake mapema na kwa siri, ili wapinzani wasije wakapata muda wa kuzijibu. Hapo maandalizi ni silaha. Mpiga ritungu, kwa upande wake, huandaa watu zaidi kuliko anavyoandaa nyimbo, na mshindani wake mkubwa ni usahaulifu wake mwenyewe.

Nani humfundisha? Mara nyingi hufundishwa kwa kukaa karibu. Kijana hubeba ala ya mzee, huketi pembeni, huitikia kiitikio, husikia kifungu kilekile kikiimbwa kwa njia moja mbele ya wazee wanaokunywa pombe kwa mirija mirefu kutoka kwenye chungu kimoja, na kwa njia nyingine mbele ya vijana. Kwa hiyo tangu mwanzo anakipokea kifungu kikiwa na watu wake. Na wanawake, ambao si wapigaji wa ritungu kwa kawaida, wana akiba yao ambayo wakusanyaji wengi wameipita bila kuisalimia. Mwanahistoria Jan Bender Shetler, aliyefanya kazi na watu wa Serengeti magharibi tangu miaka ya 1990, ameandika kitabu kizima mwaka 2019 kuhusu jinsi kumbukumbu za wanawake wa Mara zinavyofuata mitandao ya ndoa na ujamaa, wakati za wanaume zinafuata ukoo na ardhi yake. Ukilitia jambo hilo kwenye nyimbo linaeleweka mara moja. Binti aliyeolewa kutoka Nata kwenda Ngoreme, au kutoka ukoo mmoja wa Kikurya kwenda mwingine, anakwenda na nyimbo za kwao za kubembelezea mtoto, za kusagia na za kulia msiba. Kuna vifungu vilivyovuka mipaka ya koo kwa njia ya ndoa wakati wanaume wa koo hizohizo walikuwa hawasalimiani.

Taifa lilipopatikana, lilihitaji akiba yake. Mwalimu Nyerere, ambaye Butiama kwao iko katika mkoa huohuo wa Mara, aliunda wizara ya utamaduni Tanganyika ilipokuwa jamhuri Desemba 1962, na miaka iliyofuata kikaundwa kikundi cha ngoma cha taifa. Wasanii kutoka pembe nyingi za nchi walikaa pamoja na kufundishana: sindimba ya Wamakonde, bugobogobo ya Wasukuma, lizombe ya Wangoni, msewe wa visiwani. Mwaka 1981 kazi hiyo ikahamia katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho tangu 2007 ni taasisi, TaSUBa. Huko alipita Hukwe Zawose wa Wagogo, aliyeitembeza marimba na zeze yake duniani mpaka alipofariki mwaka 2003. Sitaki kuibeza kazi ile. Ilimfanya kijana wa Songea aucheze mchezo wa Mwanza na kuupenda, jambo ambalo wakoloni hawakulitaka na ambalo limetusaidia tusipasuke. Lakini ngoma iliyokuwa ikikesha ilifupishwa ikawa ya dakika chache, ikapangwa katika ratiba kati ya hotuba ya mgeni rasmi na wimbo wa kwaya, na yule wa kuuliza "shughuli ya nani hii?" hakupewa nafasi, maana jibu lilikuwa moja siku zote: ya serikali. Hapo tulikaribia sana répertoire ya Paris, yenye kamati na paa. Ilitupa umoja, na ikatupunguzia majina ya watu ndani ya nyimbo.

Sahani za santuri zilileta mabadiliko ya namna nyingine. Mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad alisafiri kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, na kuanzia hapo wimbo wa harusini au barazani Unguja uliweza kusikika bila yeye kuwepo. Ungedhani akiba yake ilihifadhiwa na santuri. Kwa sehemu ni kweli. Lakini nyimbo hizo zilibaki kuwa nyimbo za watu kwa sababu Bi Kidude, aliyezisikia akiwa msichana, aliziimba kwa sauti yake ya kukwaruza, akazikata na kuzirefusha atakavyo, mpaka alipofariki Aprili 2013. Santuri ilikuwa ushahidi. Bi Kidude ndiye aliyekuwa akiichota akiba.

Leo Tarime na Mugumu kila kijana ana simu, na ritungu zinarekodiwa kwa wingi kuliko wakati wowote. Studio ndogo huongeza kinanda na ngoma za kompyuta, video huwekwa YouTube, na Mkurya aliyeko Dar es Salaam au Dubai anasikiliza akiwa kitandani. Nafurahi kuona hivyo. Ninachowaomba vijana hao ni kuandika mambo ambayo kamera haiyaoni. Nani aliomba wimbo huu? Ilikuwa shughuli gani, mwezi gani, ya ukoo upi? Huyo Marwa anayetajwa kwenye dakika ya nne ni mtoto wa nani? Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inazitambua kazi za jadi na kuziwekea ulinzi, lakini sheria inalinda kinachojulikana ni cha nani, na bila maelezo hayo tutakuwa na maelfu ya faili ambazo wajukuu wataziona kama mzee mmoja anayeimba majina ya watu wasiowajua.

Nimeacha mwishoni jambo lililo gumu zaidi, kwa sababu linagusa miili ya watoto. Desemba ni mwezi wa tohara katika nchi ya Wakurya. Baraza la wazee wa mila, inchama, likishatangaza msimu, barabara hujaa watu wanaowasindikiza waliotahiriwa, wakiimba na kucheza. Nyimbo za msimu huo ni sehemu kubwa ya akiba ya jamii: zinamsifu aliyestahimili, zinamwita kwa jina lake na la baba yake, zinamwingiza kwenye rika. Na kwa miaka mingi zimeimbwa kwa wavulana na kwa wasichana pia, zikimfedhehesha msichana asiyekeketwa na wazazi wake. Sheria ya mwaka 1998 ya makosa ya kujamiiana iliufanya ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa jinai. Hata hivyo wasichana wa Tarime na Serengeti wameendelea kukimbia usiku kila msimu unapofika, wakatafuta hifadhi katika kituo cha Masanga huko Tarime na katika nyumba salama za Mugumu. Wengi hawakumkimbia ngariba peke yake. Walizikimbia pia nyimbo ambazo wangeimbiwa na rika lao maisha yao yote.

Nimesikia watu wema wakisema nyimbo hizo zihifadhiwe kwa kuwa ni urithi. Zirekodiwe, ndiyo, na zikae kwenye maktaba kwa wanaochunguza. Lakini kukaa maktaba ni kitu kimoja na kuwa akibani ni kingine. Kilicho akibani ni kile ambacho msanii yuko tayari kukitoa akiombwa, na huyohuyo anayeacha kifungu cha vita nyumbani ili wakwe wa ukoo wa pili wasiumie anao ustadi wa kuuacha wimbo wa kumdhalilisha binti wa miaka 12. Hakuna mila mpya inayohitajika hapo.

Kinachohitajika ni nyimbo za kuweka mahali pake, kwa sababu binti naye anataka kuimbiwa. Masanga wamelielewa hilo. Wasichana waliokaa kambini msimu mzima hufanyiwa sherehe ya kuingia utu uzima bila kukeketwa, wazazi huitwa, na wasichana wenyewe huimba na kuigiza mbele yao. Ninaamini wapiga ritungu waalikwe huko, na waalikwe mapema, Septemba au Oktoba, msimu haujafika. Wapelekewe majina: Ghati wa nani, Robi wa nani, Bhoke mjukuu wa nani, mama yake alitoka kwa watu gani. Wapewe na habari za aliyekimbia akavuka mto usiku akiwa na mdogo wake, maana huo ni ushujaa wa kuimbwa kama ushujaa mwingine wowote uliowahi kuimbwa katika nchi ile. Halafu waachwe na nyuzi zao nane wakatunge.